Michi Miwili Ndani ya Kinu Kimoja

Mjukuu wangu, iegemeze hiyo picha hapo penye mwanga, kisha ukae. Nimeingia siku chache zilizopita kutoka Tunduru, miguu bado imevimba kwa basi, na macho yangu unayajua. Lakini tangu asubuhi, wakati wewe unahangaika na wateja, mimi nimekuwa nikiitazama picha hii, na kuna jambo nimeliona ambalo nikilala nalo litaninyima usingizi.

Hapo katikati umechora wanawake wawili wanatwanga. Kinu ni kimoja, kila mmoja ana mchi wake. Umewavika khanga, huyu nyekundu, yule ya buluu, na shingo umezirefusha kama ulivyofundishwa. Shingo sina neno nazo, hiyo ni mitindo yenu. Tazama michi. Yote miwili umeitia ndani ya kinu, imeshuka pamoja. Hilo haliwi, mjukuu wangu. Wakitwanga wawili, mmoja huinua wakati mwenzake anashusha. Akichelewa kidogo tu michi inagongana, mtu anaumia vidole, au kinu kinayumba na mahindi yanamwagika mchangani. Kule kupishana ndiko kazi yenyewe. Ukiwasikia wanaimba, ule wimbo ndio unaowagawia zamu. Mmoja akipotea njia ya wimbo, mkono nao hupotea.

Nilikuuliza umeitoa wapi picha hii. Ukasema umeifuata ya mwenzako, na mwenzako aliifuata ya fundi wake. Sikulaumu kwa kufuata. Mimi ujenzi nilijifunza kwa kufuata, na baba yangu hivyo hivyo. Ila mimi nilipomfuata fundi niliishika nguzo aliyoishika yeye, nikaona uzito wake. Wewe umefuata picha ya kinu, na nahofia aliyekutangulia naye alifuata picha ya kinu. Mtu wa kwanza aliyeichora bila shaka aliwahi kusimama uani kwa mama yake. Alijua. Kutoka kwake hadi kwako kila mkono umeangusha kitu kidogo njiani, na kilichoanguka kuliko vyote ni kazi. Rangi zimebaki na kijiji kimebaki. Kazi imetoka, na wewe ukiitazama huoni pengo.

Ngoja nikueleze kilichomo ndani ya kinu hicho, maana umekichora kama ngoma.

Mahindi yakishapukuchuliwa hayaendi kuwa unga papo hapo. Kwanza hutiwa kinuni na maji kidogo yakakobolewa, hadi ganda liachane na punje. Halafu ungo: mwanamke anasimama penye upepo, anapepeta, pumba zinakwenda zake na kuku wanagombania chini. Umemchora kuku, ndiyo, namwona hapo pembeni, lakini umemweka mbali na ungo kama aliyepotea njia. Kuku hakai mbali na ungo. Baada ya hapo mahindi hulowekwa, siku mbili, wakati mwingine tatu, hadi yalainike na kuanza kutoa harufu ya uchachu. Yanaoshwa, yanachujwa, ndipo yanarudi kinuni kutwangwa yawe unga. Unga unachekechwa, chenga zilizobaki juu ya chekecheke zinarudi kinuni. Kisha unga wenyewe unaanikwa juani juu ya jamvi, na mtoto anawekwa kulinda kuku na mbuzi. Ugali mweupe tuliokuwa tukiula sisi wanaume kwa dakika chache ulikuwa umeanza safari siku nne kabla. Bibi yako akipika leo, mahindi ya keshokutwa yalikuwa tayari ndani ya maji. Mashine ya kusaga ilipofika kwetu sikumwona mwanamke hata mmoja aliyekililia kinu, na wewe usikichore kwa kukililia.

Sasa kumbuka hayo, halafu tazama miguu ya hawa wawili. Umewasimamisha miguu pamoja kama wanajeshi wanaopiga saluti. Mtu anayetwanga hutanua miguu, mmoja mbele, akapata mahali pa kusukumia mgongo. Mikono hushika mchi juu kidogo ya kati, mmoja juu ya mwingine, na mara nyingine mkono mmoja huuachia hewani, wa pili ukaudaka, mabega yapumzike kwa zamu. Na viganja vina sugu. Najua kiganja hakionekani kwa umbali huo. Lakini mchoraji aliyewahi kushika sugu za mama yake humchora mama huyo akishika mchi kwa namna nyingine kabisa, hata kama kiganja chenyewe ni nukta moja ya rangi.

Twende kwenye mapaa. Hapa nina haki ya kusema kwa kirefu, kwa kuwa nimeezeka nyumba za watu zaidi ya miaka arobaini.

Mapaa yako yote ni ya manjano. Nimezihesabu nyumba, zote rangi moja kama zimeezekwa asubuhi ya leo. Paa la nyasi huwa la manjano msimu wake wa kwanza tu. Mvua zikipita linakuwa la kijivu, na misimu ikizidi linakuwa jeusi upande usiopata jua, linaota ukungu, nyasi zinaanza kulala chini na maji yanapata njia. Paa la jiko ni jambo lingine tena. Hilo ni jeusi kwa ndani kwa moshi, na moshi ule ndio unaolifanya lidumu, maana wadudu hawaupendi. Kwa hiyo mtu wa kwetu akipita barabarani anasoma mapaa kama wewe unavyosoma simu. Hili jipya: hapa wamevuna vizuri, au kijana anaoa. Hili limelala: hapa kuna mjane, au mwenye nyumba ni mgonjwa, hakuna wa kupanda juu. Hili lina kiraka cha manjano katikati ya kijivu: waliishiwa nyasi, au waliishiwa nguvu. Umechora kijiji kizima ambacho hakuna aliyefiwa, aliyezeeka wala aliyeoa. Ungeweka mapaa matatu ya kijivu na moja lenye kiraka, picha yako ingekuwa na watu ndani ya nyumba, si nje tu.

Na hizo nyasi zina wakati wake. Kwetu mvua hukatika kama mwezi wa tano. Nyasi zinakomaa na kukauka zikiwa zimesimama, na hapo ndipo mbio zinaanza, kwa sababu nyuma ya ukavu unakuja moto wa nyika. Ukichelewa wiki chache, mtu anayewinda panya kule bondeni anawasha moto, na paa lako la mwaka huo limegeuka majivu mbele ya macho yako. Tulikuwa tukikata mwezi wa sita na wa saba, alfajiri, umande ukiwa bado unalainisha mabua yasivunjike. Unakata, unachana kutoa majani laini yanayooza upesi, unafunga tita. Na kuyabeba matita hayo hadi nyumbani mara nyingi ilikuwa kazi ya wanawake. Hilo nalisema waziwazi, kwa sababu sisi mafundi tulizoea kujisifu juu ya paa huku waliolileta paa wakiwa wamekaa chini wanakanda miguu.

Chini ya nyasi kuna pau na fito. Kamba zetu hazikununuliwa dukani. Tulichuna magome ya miyombo na kufungia yakiwa mabichi, yakikauka yanakaza. Nguzo tuliziunguza kidogo upande unaoingia ardhini kwa ajili ya mchwa. Udongo wa kukandikia tuliupenda wa kichuguu, maana mchwa wameshausaga, unashika. Lakini udongo unataka maji, na maji yalikuwa kichwani mwa mtu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, achilia mbali ndoo yenyewe. Ukuta mmoja wa nyumba hizo umekunywa ndoo nyingi sana, mjukuu wangu, na kisima hakikuwa uani.

Watu wa pwani watakuambia habari ya makuti, nao wana elimu yao: kuti la kumba kwa ua, makuti ya viungo kwa paa, na aliyezoea hachanganyi. Wewe umechora nyasi ukazikata ncha kama makuti, nusu hivi nusu vile. Chagua nyumba hizi ziko wapi. Mwenye nyasi na mwenye mnazi hawaishi kijiji kimoja.

Jambo jingine linaloniuma ni majira. Mwembe wako umejaa maembe mabivu. Pembeni mahindi yamesimama mabichi. Nyuma mwanamume yuko juu ya paa anaezeka. Maembe kwetu hutufikia kati ya mwezi wa kumi na moja na wa pili. Kuezeka ni kiangazi. Mahindi mabichi ni masika. Umeuweka mwaka mzima ndani ya siku moja. Nakubali, picha ina ruhusa yake. Nimeona vijana wenzako wakifanya hivyo na picha ikapendeza, kwa sababu mteja anataka kuona vyote. Lakini ujue kuwa umefanya hivyo. Kijiji chenye maembe, mahindi na paa jipya kwa siku moja ni kijiji kisichojua mwezi wa kwanza, wakati ghala limeisha, shamba linadai jembe, na watu wanakula maembe asubuhi na jioni kwa sababu hakuna kingine. Sisi maembe mabivu tuliyajua kama tunda la miezi ya njaa. Mgeni akiyaona anaona neema. Sote tunatazama rangi ileile ya chungwa, na wewe uliyezaliwa na sisi ndiye pekee unayeweza kuzijua habari zote mbili.

Halafu, nyumba zako zimepangwa mstari. Mbili mbili, uso kwa uso, na barabara katikati. Nani alizipanga hivyo? Nilipokuuliza ulicheka, ukasema ndivyo zinavyochorwa. Zilipangwa, mjukuu wangu, na nilikuwepo. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa karibu na mashamba yake, nyumba zikiwa zimetawanyika. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba sasa kuishi vijijini ni lazima, na katika miaka iliyofuata watu wakahamishwa nchi nzima. Sisi zamu yetu ilikuwa 1974. Mstari ulivutwa kwa kamba, kila kaya ikapewa kiwanja, ukaambiwa jenga. Tulijenga kwa haraka, kwa nguzo zozote tulizozipata, na wapo walioezeka wakati mvua imeshaanza. Mambo mema yalikuja, sikatai. Shule ilikuja, na baba yako alisoma humo. Lakini miti yetu ya matunda tuliiacha kwenye mahame, na shamba ambalo zamani ulilifikia kwa kutembea kidogo, sasa ulilifikia jua limeshapanda.

Kwa hiyo ninapoona mwembe mkubwa kiasi hiki katikati ya nyumba za mstari, moyo wangu unasimama. Mwembe wenye shina la kukumbatiwa na watu wawili haukupandwa na watu wa nyumba hizi. Uliwakuta. Hapo palikuwa na mji wa mtu kabla ya kamba kupita. Umechora habari nzito kuliko zote katika picha hii bila kujua kwamba umeichora, na ndiyo maana nakuambia nimechoka: si uchovu wa safari peke yake.

Chini ya mwembe umeweka wanaume wanne, bao mbele yao. Bao lako lina safu mbili za mashimo. Bao letu lina safu nne, mashimo 32, na kete 64, komwe za porini zilizolainika kwa vidole vya watu. Rekebisha. Kuhusu wanaume wenyewe, siwatetei. Mgeni akiitazama picha hii ataona wanawake wanatwanga na wanaume wanacheza, na atakuwa ameona ukweli, nami nilikuwa mmoja wao. Bibi yako alinipitia hapo mwembeni na ndoo kichwani siku nyingi kuliko ninazopenda kuzikumbuka, wala sikunyanyuka. Ila picha ya mchana haionyeshi usiku. Mahindi yakianza kukomaa, nguruwe pori wanakuja gizani, na mmoja wa hao wanne huenda amekesha shambani kwenye dungu, anapiga debe hadi alfajiri. Ungechora macho yake mekundu. Ungechora dungu kule mbali, kijumba kidogo juu ya miti, tupu. Mwenye kujua angeelewa, na wanawake wasingenyang'anywa haki yao hata kidogo.

Vitu vidogo nitavipitia upesi, usije ukaniona nakuonea. Huyu binti mwenye mtungi hana kata. Mtungi haukai juu ya nywele tupu. Weka kata, hata ya kitambaa kilichosokotwa, na juu ya maji weka tawi la majani yasimwagike. Mkeka ulioutandika hapa umeuchora kipande kimoja kama zulia. Mkeka ni ukili mrefu ulioshonwa mzunguko kwa mzunguko, na mishono inaonekana. Mama anaweza kuusuka ukili huo muda mrefu akiwa anazungumza, anaamua ugomvi wa watoto, vidole havisimami. Khanga ina pindo na mji na jina. Umechora mji tu. Wala usidhani khanga ni kitu cha kijijini kama kinu. Imetoka kiwandani, labda hapa hapa Dar es Salaam, kiwanda cha Urafiki enzi zake, kwa pamba iliyochumwa na mikono ya wakulima kule kanda ya ziwa. Ndani ya kijiji chako kuna kiwanda kizima kimefungwa kiunoni mwa mwanamke.

Sasa nizungumzie kazi yako wewe, maana hiyo pia imo ndani ya picha.

Wageni wana jina lao kwa michoro ya namna hii. Ulinitafsiria mwenyewe: mchoro wa mtu asiyefunzwa, mwenye moyo kama wa mtoto. Ulilisema kwa fahari kwa sababu mteja alilisema kwa tabasamu. Usilipokee haraka. Mzee Edward Saidi Tingatinga, aliyeianzisha michoro hii, alizaliwa huko huko kwetu Tunduru, mwaka 1932. Alikwenda Tanga kwenye mkonge kama maelfu ya vijana wa kusini, na mkonge si mahali pa watoto. Akaja Dar es Salaam, akafanya kazi za bustani na kazi nyingine, hata katika hospitali ya Muhimbili alifanya. Alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 alichukua hadibodi, zile mbao za kutengenezea dari, na rangi za mafuta zinazopakwa baiskeli. Hakuchukua hivyo kwa kutojua. Rangi ile ilikuwa dukani kwa mikebe midogo, inang'aa, inakauka ikawa ngumu, haihitaji kioo. Hadibodi ilipatikana na ilikatika ukubwa wa kubebeka, kama futi mbili kwa mbili, mnunuzi aliyesimama pale dukani Morogoro Stores aichukue na kuondoka nayo. Hayo ni mahesabu ya mtu aliyefanya kazi za mikono maisha yake yote na kujua bei ya kila kitu. Alichora zaidi wanyama, na alichora miaka michache tu, akafariki 1972. Kinachoitwa utoto mimi nakiona kuwa ni ufundi wa mtu mzima aliyebana matumizi.

Nawe nimekutazama. Umepaka anga kwanza, umechanganya buluu na nyeupe zikiwa bado mbichi hadi zikaungana bila mpaka. Umeiacha. Rangi ya mafuta haisukumwi. Ukiigusa kabla haijashika inakuvunjia kila kitu. Siku ya pili miili na nyumba. Siku ya tatu mistari na nukta, kwa brashi uliyoipunguza nywele kwa wembe. Mgongo wako umeinama kuliko wangu, na harufu ile imekupa kikohozi ambacho unadhani sikisikii usiku. Halafu mteja anakuja na kusema picha yako ina utulivu, na wewe unaitikia. Wewe pia unafutwa humo ndani, kama yule mwanamke aliyebeba nyasi. Aliyesahau kazi iliyomo kijijini atasahau na kazi iliyomo kwenye rangi, na bei atakayokupa itafanana na kusahau kwake.

Tena nimeona hukuchora baiskeli hata moja. Picha nzima imepakwa rangi ya baiskeli, na baiskeli yenyewe, iliyobeba korosho zetu, wagonjwa wetu na mabati yetu ya kwanza, haimo. Umesema wateja hawapendi vitu vya kisasa kijijini. Ndoo ya plastiki hawapendi. Bati hawapendi. Sawa, una watoto wa kulisha, na mimi sijaja kukuambia ukatae fedha. Uza picha hizi. Nakuomba moja tu katika kumi, hata moja katika ishirini, uichore kwa ajili ya mtu aliyebeba maji, ili akisimama mbele yake ajione. Mwache mgeni ainunue hiyo hiyo kama akitaka. Hatapungukiwa.

Mwezi wa saba nakata nyasi za jiko, Mungu akinijalia. Njoo, nikuonyeshe tita linavyokaa begani. Ukifika, zunguka nyuma ya jiko. Kinu cha bibi yako bado kipo pale, kimeegemea ukuta. Hakitwangi tena, kilitoboka chini kabla hajafariki, kwa mchi wake yeye na wa dada yake, zamu kwa zamu, kuanzia walipokuwa wasichana. Mti mgumu ule, nilimwona fundi aliyeuchonga kwa tezo akinoa kila mara. Kiinamishe kidogo kielekee jua, utie mkono ndani hadi chini kabisa. Utaona vidole vyako vimetokea upande wa pili.